Nataka kufundisha sheria ya miliki bunifu na teknolojia mpya: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina shahada ya kwanza ya sheria, nimepita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo na nimeapishwa uwakili mwaka jana. Kwa sasa nipo kwenye ofisi ya mawakili hapa Mwanza. Kinachonivuta ni miliki bunifu, hasa inapokutana na akili mnemba, na ndoto yangu ni kuwa mhadhiri na mtafiti. Wenzangu ofisini wananiambia uwanja huo ni mwembamba, kesi zenyewe hakuna. Tena mimi kompyuta naijua kwa kuitumia tu. Nisome wapi, uzamivu niuandike juu ya nini, na je, niache kazi sasa?

Jibu: Marahaba, wakili. Nianze na hilo la wembamba wa uwanja, maana ndilo linalowavunja moyo vijana wengi kabla hata hawajafungua kitabu.

Wenzako wanahesabu kesi zilizofika Mahakama ya Rufani. Mtafiti hahesabu hivyo. Yeye anatafuta mahali ambapo sheria iliyokwisha kuandikwa inakutana na jambo ambalo walioiandika hawakuliwaza, na mahali hapo kwetu ni pengi. Chukua mfano wa DABUS. Mmarekani Stephen Thaler alipeleka maombi ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, katika nchi kadhaa akitaja kwamba mvumbuzi ni mfumo wake wa akili mnemba wenye jina hilo. Julai 2021 Afrika Kusini ikampa hataza. Wengi walishangaa, lakini sababu ilikuwa ya kiofisi tu: ofisi ya kule ilikuwa inakagua kama makaratasi yamekamilika, haikuwa inaupima uvumbuzi wenyewe. Mwezi huohuo jaji mmoja wa Australia alikubaliana na Thaler, na Aprili 2022 jopo la rufani likautengua uamuzi huo. Agosti 2022 mahakama ya rufani ya shirikisho huko Marekani ilimkatalia, na Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ikamkatalia.

Makala juu ya kama mashine inaweza kuwa mvumbuzi zimeshaandikwa kwa wingi Ulaya na Marekani, na sikushauri uongeze nyingine. Ila hebu tazama jambo hilo ukiwa umekaa Mwanza. Tanzania imo kwenye Itifaki ya Harare ya 1982. Ombi la hataza likipitia ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la miliki bunifu, uchunguzi unafanyika Harare, kisha nchi iliyotajwa kwenye ombi inapewa miezi 6 kusema kama hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Sasa ikija BRELA, wakala wetu wa usajili wa biashara na leseni, hataza ambayo sehemu kubwa ya uvumbuzi wake ilifanywa na mashine, huku jina la binadamu limewekwa juu kama kawaida, nani ataligundua hilo ndani ya miezi 6? Atalikataa kwa kifungu gani? Na Zanzibar, yenye Sheria yake ya Mali za Viwanda ya 2008, inafungwaje na hataza iliyotolewa Harare kwa jina la Tanzania? Hayo ni maswali ya hapa, na mtu wa London hana sababu ya kuyaamkia asubuhi. Wewe unayo.

Umeona kwamba katika yote hayo akili mnemba ndiyo iliyotufikisha mlangoni, lakini kinachojibu ni sheria ya zamani. Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wanaomwambia mwanafunzi akimbilie mambo mapya. Atakayetaka kudumu kwenye uwanja huu aijue hataza kabla ya kuijua DABUS: upya, hatua ya kivumbuzi, na kufaa kutumika viwandani, kama vinavyosomeka kwenye kifungu cha 27 cha TRIPS, mkataba wa miliki bunifu wa Shirika la Biashara Duniani (WTO). Aujue Mkataba wa Berne wa 1886 juu ya hakimiliki na kwa nini unalinda namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Ajue sheria ya mikataba vizuri kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya mambo ya teknolojia yanaamuliwa na masharti ambayo mtu anayakubali kwa kubonyeza kitufe bila kuyasoma. Teknolojia zinapita. Miaka michache iliyopita kila pendekezo la utafiti lilikuwa linahusu sarafu za kidijitali, na leo waliokuwa hawana kingine cha kusema zaidi ya hizo wanahangaika kutafuta mada.

Nikupe zoezi dogo la kuonyesha msingi huo unavyofanya kazi. Fungua Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, sehemu ya tafsiri. Kwa kazi iliyozalishwa na kompyuta, mtunzi ni yule aliyefanya maandalizi yaliyohitajika ili kazi ipatikane. Maneno hayo yanafanana na ya sheria ya Uingereza ya 1988. Kisha fungua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999. Mtunzi wake ni binadamu aliyeibuni kazi. Basi kijana wa Mombasa na kijana wa Tanga, wakitumia programu ileile kutoa wimbo wa Kiswahili kwa maelekezo ya mistari miwili, wa Mombasa ana hoja ya kuitwa mtunzi na wa Tanga yuko mashakani. Nyimbo zote mbili zinapigwa kwenye simu zilezile pande zote za mpaka. Soko la pamoja la Afrika Mashariki linalibebaje hilo? Kutoka kwenye sentensi mbili za sehemu ya tafsiri umepata makala nzima, na hujahitaji hata kesi moja.

Kesi nazo zipo, ila zinataka kutafutwa. Tovuti ya TanzLII inatoa hukumu za Tanzania bure, na ya Kenya Law inatoa za Kenya vilevile. Soma shauri la AY na MwanaFA, ambao mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu iwalipe zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila ridhaa. Shauri liliendelea hadi rufani. Lisome lote, kisha jiulize hasara ya msanii kwenye huduma ya kidijitali inapimwa kwa kipimo gani, maana swali hilo litarudi kila teknolojia mpya ikiingia. Soma pia uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kenya wa Aprili 2012 katika shauri la Patricia Asero Ochieng na wenzake, ambapo Jaji Mumbi Ngugi alipima Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 dhidi ya haki ya wagonjwa wa UKIMWI kupata dawa za bei nafuu. Ukimaliza uamuzi huo utaelewa kwa nini wengine wetu tunaamini miliki bunifu haipaswi kufundishwa kama somo la wafanyabiashara peke yao.

Kuhusu kompyuta, huhitaji shahada nyingine. Unahitaji kuifahamu teknolojia moja kwa undani kiasi kwamba mhandisi akikusikiliza hatatabasamu kwa huruma. Kwa kuwa umevutiwa na akili mnemba, chagua modeli za lugha na uzifuate hatua kwa hatua. Kwanza maandishi yanakusanywa kutoka mtandaoni, na hapo nakala imeshatengenezwa. Yanasafishwa na kuhifadhiwa, nakala nyingine. Yanakatwa vipande na kugeuzwa namba. Modeli inafunzwa kwa namba hizo, na kinachobaki mwishoni ni uzito wa kihisabati ambao kwa kawaida si maandishi yenyewe, ingawa mara nyingine modeli hutema sentensi nzima za kazi iliyofunzwa nayo. Kisha mtumiaji anauliza na jibu linatoka. Kila hatua ina swali lake la hakimiliki, na mwanasheria anayesema tu kwamba akili mnemba inaiba kazi za watu, au kwamba inajifunza kama binadamu, hajaanza kazi. Gazeti la New York Times lilipoishtaki OpenAI na Microsoft Desemba 2023, mabishano yalihusu nakala za kufunzia na pia majibu yaliyofanana na habari za gazeti, na hoja za mambo hayo mawili ni tofauti. Tafuta wahandisi wawili watatu wa rika lako, ukae nao, wakuonyeshe seti ya data ikoje. Ukijifunza Python kidogo, kiasi cha kusoma programu fupi na kuelewa inafanya nini, utakuwa umejiongezea heshima kubwa mbele ya watu wa idara nyingine.

Sasa mada ya uzamivu. Nitakuambia ninachokiona mimi kuwa shamba lililo wazi zaidi kwa mtu wa lugha yetu: nani ana haki juu ya data ya Kiswahili.

Watafiti wa Kiafrika wanaojenga teknolojia za lugha, wengi wao chini ya jumuiya ya Masakhane, kwa muda walitegemea mkusanyo uitwao JW300. Ulikuwa na maandishi ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300, yaliyopangwa sambamba, na kwa lugha nyingi za Afrika hapakuwa na kingine chenye ukubwa huo. Baadaye ikabainika kwamba masharti ya tovuti yalikotolewa maandishi hayo yanakataza matumizi ya namna hiyo. Ruhusa ikaombwa, ikakataliwa, na mkusanyo ukaacha kutumika. Fikiria uzito wa jambo hilo. Mtafiti wa Japani ana kifungu cha 30-4 cha sheria yao ya hakimiliki, kilichoanza kutumika 2019, kinachoruhusu kazi kutumika kwa uchambuzi wa data pale ambapo lengo si kuiburudikia kazi yenyewe. Mtafiti wa Ulaya ana vifungu vya 3 na 4 vya Maelekezo ya Umoja wa Ulaya juu ya hakimiliki ya mwaka 2019. Mtafiti wa Dodoma ana orodha ya matumizi huru katika sheria ya 1999, iliyoandikwa kabla mambo haya hayajafikiriwa, na haisemi lolote kuhusu uchimbaji wa data. Kwa hiyo anayetaka kuifundisha mashine Kiswahili akiwa Tanzania anasimama pabaya kisheria kuliko anayefanya hivyohivyo akiwa Tokyo. Hilo linaniuma, na ningependa kuona tasnifu inayolipima kwa makini badala ya kulilalamikia.

Lakini usikimbilie kusema basi data yote ifunguliwe. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za wasemaji wa kujitolea, Kiswahili kikiwemo, na kuzitoa kwa leseni ya CC0, maana yake yeyote anaweza kuzitumia kwa lolote bila kulipa wala kutaja mtu. Kwa mtafiti ni neema. Kwa mzee wa Pemba aliyetoa sauti na methali zake, kisha kampuni ya mbali ikauza huduma iliyojengwa juu yake, ni neema pia? Chuo Kikuu cha Pretoria kimeshiriki kuandaa leseni ya data iitwayo Nwulite Obodo, inayojaribu kuwabagua watumiaji kwa uwezo: walioko nchi zinazoendelea wapate kwa wepesi, wenye nguvu warudishe kitu. Je, leseni kama hiyo inasimama mbele ya mahakama zetu? Nani atakwenda kuitetea? Ukichanganya na Itifaki ya Swakopmund ya 2010 juu ya maarifa ya jadi, Sheria ya Kenya ya 2016 juu ya maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, unapata uzamivu wenye mbavu. Sauti ya mtu ni taarifa binafsi, hadithi anayosimulia huenda ni mali ya jamii, rekodi ina hakishiriki, yaani haki jirani na hakimiliki, ya aliyerekodi. Vitu vitatu ndani ya faili moja la sauti.

Kama lugha haikuvuti, ziko mbegu na vinasaba. Mei 2024 nchi wanachama wa WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, zilipitisha Geneva mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aseme rasilimali ya kijenetiki aliyoitumia imetoka wapi, baada ya mazungumzo ya zaidi ya miaka 20. Ziwa Bogoria la Kenya, ambalo vijidudu vyake vilitoa vimeng'enya vya matumizi ya viwandani, lingekuwa sura yako ya kwanza.

Mahali pa kusoma nitapita haraka kidogo, kwa sababu jina la chuo lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uzamili ya miliki bunifu kwa ushirikiano na WIPO na ARIPO, na Africa University ya Mutare, Zimbabwe, imekuwa nayo tangu 2008. Dar es Salaam kipo pia Kituo cha Tanzania na Ujerumani cha masomo ya sheria ya Afrika Mashariki, ambacho kimekuwa kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Bayreuth na kufadhili wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Nairobi kuna CIPIT, kituo cha miliki bunifu na teknolojia cha Chuo Kikuu cha Strathmore, kilichoanza 2012, na kwa mtu wa teknolojia mpya sioni kituo cha karibu chenye uhai zaidi. Cape Town yupo Profesa Caroline Ncube, na maandiko yake juu ya miliki bunifu na maendeleo ya Afrika uyasome hata kama huendi huko. Munich wana programu ya uzamili ya MIPLC na Taasisi ya Max Planck, yenye maktaba ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani kwa somo hili. Kabla ya yote, kwa wiki chache za jioni, fanya kozi ya utangulizi ya WIPO iitwayo DL-101. Inasomwa mtandaoni bila ada.

Kwenye uzamivu, mtafute msimamizi kwanza, chuo baadaye. Soma makala zake tatu, kisha mwandikie barua fupi yenye swali lako katika aya mbili. Barua ndefu yenye wasifu wa kurasa tano haisomwi. Na usijilipie uzamivu kwa mkopo wa benki. Nchi kama Norway, Sweden na Uholanzi nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama ajira yenye mshahara, kwa hiyo tazama kurasa za ajira za vyuo, usitazame kurasa za ufadhili tu.

Kuingia kazini kwenye vyuo vya Tanzania, matangazo mengi yanataka GPA ya 3.8 ya shahada ya kwanza kwa mkufunzi msaidizi, na kwa mhadhiri msaidizi uzamili wenye GPA ya 4.0. Angalia cheti chako leo, kwa sababu hapo hakuna wa kukusaidia kwa maneno. Kama shahada ya kwanza iko chini ya hapo, vyuo binafsi na taasisi za utafiti bado ziko wazi, na uzamivu mzuri hufungua milango ambayo GPA iliifunga, ila kwa njia ndefu zaidi. Ukiajiriwa utapewa kufundisha mikataba, madhara au mbinu za kisheria kwa wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza. Pokea. Atakayekuja kuchagua somo lako mwaka wa 4 atakuwa amekujua huko. Ukishapata ajira, fuatilia kongamano la walimu wa miliki bunifu ambalo WIPO na WTO wamekuwa wakiliandaa pamoja Geneva tangu 2004. Ndipo utakapokutana na wenzako wa Lagos, Dhaka na Bogotá wenye matatizo kama yako.

Anza kuandika sasa, hata kabla ya uzamili. Maoni ya kurasa nane juu ya hukumu moja ni mlango mzuri, na Eastern Africa Law Review ya Dar es Salaam au jarida la CIPIT ni mahali pa kujaribu. Jihadhari na majarida yanayokuandikia yenyewe kwa sifa nyingi, yakitaka dola na kuahidi kuchapisha ndani ya wiki. Kamati za kupandisha vyeo zinayafahamu, na makala ikishatoka huko huwezi kuipeleka kwingine.

Kuna tarehe moja ningependa uiweke mbele ya macho: Julai 1, 2034. Nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zikiwemo, zimepewa hadi siku hiyo kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya Mkataba wa TRIPS, isipokuwa nchi itoke mapema kwenye kundi hilo. Muda wa dawa unaishia Januari 1, 2033. Kenya haimo kwenye nafuu hiyo. Ukianza uzamili mwakani, wakati huo utakuwa mhadhiri mwenye uzamivu, na wizara zitakuwa zinaulizana nini kibaki na nini kibadilishwe. Bunge litahitaji watu walioyaandikia mambo haya miaka mingi nyuma, si walioitwa kwenye warsha ya siku mbili.

Kuhusu kuacha kazi, usiache mpaka uwe na barua ya udahili na ya ufadhili mkononi. Muombe mkuu wa ofisi akupe faili za alama za biashara zinazokwenda BRELA. Hizo ndizo miliki bunifu ya kila siku ya Mwanza, na mwalimu aliyewahi kujibu pingamizi la msajili anafundisha tofauti na aliyesoma tu. Andika unachojifunza bila kutaja wateja. Na ukienda masomoni, endelea kuhuisha leseni yako ya uwakili kila mwaka. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na usumbufu wa kuirejesha, na baadhi ya vyuo vinavyoendesha kliniki za msaada wa sheria hupenda mhadhiri anayeweza kusimama mahakamani na wanafunzi wake.